Nani Amwambie Kaa Kwanza?

Jina lake la kuzaliwa ninalijua, lakini kiwandani halikuwa na kazi, na hata hapa kwetu ghorofani watoto walimwita kama alivyoitwa huko: Kaa Kwanza. Ukimwona anakuja taratibu katikati ya vyerehani, mikono kaifumbata mbele, akasimama kwenye mashine ya mtu na kusema, "Kaa kwanza," ujue mtu huyo amefiwa, au nyumba yake imeungua, au mwanawe amegongwa na gari. Kichekesho ni kwamba mtu wa cherehani huwa amekaa tayari. Yeye alisema hivyo hivyo, na aliyeambiwa aliinuka kidogo, akakaa upya.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nashona mapazia nyumbani, na huo tunaouita ukuta ni wembamba kiasi kwamba mwenye nyumba, kama angekuwa na haya, asingetutoza kodi ya vyumba viwili, angetutoza ya kimoja. Kwa hiyo mengine niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, bila kuyatafuta, na mengine yeye na mumewe walinisimulia baadaye, kila mtu kwa wakati wake.

Kiwanda chao kinashona mashati. Pale getini kuna kabati la chuma. Ukiingia unaacha simu yako humo, ukitoka unaichukua. Wakubwa wanasema simu zinachelewesha kazi. Basi ndugu wa mfanyakazi wakipata matatizo hupiga simu ya ofisi, na anayeipokea ni msimamizi. Msimamizi huyo ni pande la mtu, sauti yake inashinda mashine zote zikiwashwa kwa pamoja, lakini mbele ya mwenye shida ulimi wake unageuka uji. Zamani, siku moja, alimwendea dada mmoja wa kola akamwambia kwamba mama yake "amepumzika." Dada wa watu akajibu, "Afadhali, alikuwa amechoka sana," akaendelea kushona kola zake. Msimamizi akarudi ofisini, akajifungia, akakaa anatazama ukuta.

Kaa Kwanza wakati huo alikuwa mkaguzi tu kama wakaguzi wengine, kazi yake kusimama mezani, kugeuza kila shati ndani nje na kutafuta kasoro. Habari ilipomfikia kwamba kuna mtu kafiwa naye anashona huku akiimba, aliacha mashati mezani. Alimchukua yule dada, akamkalisha kwenye benchi la koridoni, akamwambia bila kuzungukazunguka: mama yako amekufa. Akamshikilia mpaka alipoweza kusimama kwa miguu yake.

Tangu hapo ikawa desturi. Habari mbaya ikiingia kiwandani, iwe ya nani, haimfikii mwenyewe mpaka ipite kwa Kaa Kwanza. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuivunja. Hata dereva wa lori la vitambaa akisikia njiani kwamba kwa fulani kuna msiba, hamwambii fulani. Anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya ukaguzi, anatema mzigo wake hapo, anaondoka mwepesi.

Meneja wao, mgeni mwenye Kiswahili cha kuokota, alifurahia sana utaratibu huo. Yeye alikuwa na neno moja la Kiingereza alilolitumia kwa kila shughuli: tell. Kumpasha mtu habari, kwake ni tell. Kumwamuru mtu apange maboksi, tell. Kwenye sherehe ya kufunga mwaka akitaka kusimulia hadithi za utotoni mwake, ambazo hakuna aliyezielewa, nazo ni tell. Kutofautisha shati zima na bovu, tell. Kumchongea mwenzako kwa wakubwa, tell vilevile. "You tell," alikuwa akimwambia Kaa Kwanza kila wanapopishana, anatabasamu mpaka ufizi, na haikujulikana anampongeza kwa lipi kati ya hayo. Kaa Kwanza mwenyewe hakupenda kazi hizo zichanganywe kwenye kapu moja. Aliwahi kuniambia, tunakunja pazia langu huku na huku, "Jirani, kusema unaweza ukasema na ukuta. Kumwambia mtu ni lazima mtu awepo, umtazame, na ukishamaliza usikimbie."

Lakini wenzake nao walikuwa na kapu lao moja. Mtu anaitwa ofisini mara kwa mara, mlango unafungwa, anatoka uso mkavu hasemi kitu: utamwitaje? Walimwita jasusi. Akipita, maneno yanapungua na mashine zinaongezeka mwendo. Mtu akipewa onyo kwa kuchelewa, macho yote yanageukia meza ya ukaguzi. Walimhitaji na hawakumwamini, yote kwa wakati mmoja, na yeye alilijua hilo vizuri. Alikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli mle ndani, mama mnene wa vicheko, fundi wa mashine ya vifungo, ambaye wote walimwita Mama Vifungo. Walikula pamoja na kurudi pamoja, na kama kuna siri ya nyumba ya Kaa Kwanza ambayo Mama Vifungo hakuijua, basi haikuwa siri.

Sasa niseme jambo mapema, maana mimi sipendi hadithi za kumning'iniza mtu. Kliniki ilikuja kiwandani kuwapima wanawake matiti. Walifungiwa pazia kwenye stoo ya vitambaa, wakaingia mmojammoja, wengine wakicheka kwa aibu. Kaa Kwanza alikutwa na uvimbe upande wa kushoto, mdogo hata yeye hakuwahi kuuhisi. Wakamchoma sindano, wakachukua kinyama kidogo cha kupima, na muuguzi akamwambia, "Usipoitwa, uko salama." Hakuitwa. Akasahau, kama mimi na wewe tungesahau. Lakini majibu yalitoka, na ilikuwa saratani. Ilikuwa imegunduliwa mapema, ya kuwahiwa, lakini saratani. Kiwanda kizima kikajua isipokuwa yeye, na kila siku iliyopita bila kuambiwa ilikuwa siku ya matibabu inayotupwa.

Ilikwama hivi. Muuguzi alimpigia kwa namba asiyoijua, simu ikalia ndani ya kabati la chuma mpaka ikachoka. Akapiga ofisini. Hapo muuguzi alikosea, nalisema wazi, maana majibu ya mtu ni ya mtu. Ila alikuwa na watu wengi wa kuwapigia, na msimamizi alijitambulisha kama vile yeye ndiye baba yao wote. Akaelezwa. Msimamizi, kwa mazoea, akafungua mlango wa ofisi amwite Kaa Kwanza aje achukue habari, akamwambie mhusika. Alikwisha kumpungia mkono. Ndipo akakumbuka mhusika ni nani, na mkono ukabaki hewani.

"Umeniita, mzee?" Kaa Kwanza aliuliza.

"Hapana, mama. Najinyoosha."

Akafunga mlango, akampigia mume. Mume wa Kaa Kwanza ni fundi wa mafriji, mwanamume mpole ambaye akikusalimia na ukamwitikia, mazungumzo ndiyo yamekwisha. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Niachie mimi. Nitamwambia nyumbani." Msimamizi alishukuru kama mtu aliyeponywa jino. Hata hivyo, ili mama asikose mtu wa karibu kazini, akamdokeza Mama Vifungo. Mama Vifungo akalia. Akaonwa analia, akaulizwa, na hapo tena. Wa vifungo wakawapa wa kola, wa kola wakawapa wa pasi, na kila mmoja alimalizia kwa kusema, "Ila mwenyewe anajua, mumewe kashamwambia." Siku zikapita, Kaa Kwanza anakagua mashati yake kama kawaida, wenzake wakatazamana: ama kweli mwanamke huyu ana moyo wa chuma.

Fundi hakumwambia. Siku ya kwanza alirudi amejiandaa, akamkuta anacheka kwenye simu na binti yao. Siku nyingine umeme ulikatika, na habari kama hiyo huwezi kumwambia mtu gizani. Nyingine kulikuwa na wageni. Mtu asiyetaka hakosi sababu. Nilipomkaripia baadaye, aliniangalia kwa macho ya kuomba. "Jirani, msemaji wa nyumba ile ni yeye. Hata mwenye nyumba akija, mimi natafuta kitu cha kutengeneza."

Turudi sasa kwa mwenyewe. Mwanamke aliyebeba habari za watu muda wote huo ana jicho. Anajua mtu anayekuficha kitu hufanya nini: anakusifia nguo, anakupisha kiti, anakuuliza umekula nini na hasikilizi jibu. Alianza kuyaona hayo yote, na safari hii yalielekezwa kwake. Wale wa kola waliomwita jasusi walimletea chai mezani. Mama Vifungo alimburutia meza mpaka dirishani penye mwanga, na siku hiyo hakucheka hata mara moja. Kijana wa pasi, asiyejua kusema samahani hata akikukanyaga, alimwambia gauni lake limempendeza. Lilikuwa gauni la kazini, la buluu, kama la kila mtu.

Kwanza alidhani anafukuzwa. Akaenda ofisini na kusimama mlangoni.

"Mzee, mnataka kuniondoa?"

"Nani kakwambia?" Msimamizi aliruka kwenye kiti.

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nauliza."

"Mama, wewe ndiye nguzo ya hapa. Tena ukichoka, hata mchana, we nenda zako nyumbani ukapumzike."

Alimtazama. Msimamizi yule hakuwahi kumruhusu mtu aende nyumbani hata mtu akizimia. Akatoka mle ndani na wasiwasi mkubwa kuliko aliokwenda nao.

Akahamia kwenye msiba. Labda kuna aliyekufa, na wameshindwa kumpata wa kumwambia. Jioni hiyo alipochukua tu simu yake pale kabatini akampigia binti yake, aliyeolewa mji mwingine.

"Uko wapi? Umesimama au umekaa?"

"Mama, niko sokoni. Nitakaaje sokoni?"

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Mumeo?"

"Yuko hapa anagombana na mwenye viazi. Mama, kwani kuna nini?"

Akampigia kaka yake. Yeye hata hakungoja salamu. "Dada, wewe hunipigii simu saa hizi. Kama kuna aliyekufa niambie tu." Ilimchukua muda kumtuliza. Alipokata simu alikuwa ameridhika kwamba ukoo mzima unapumua, na hapo ndipo hofu mpya ilipomjia. Kama hakufukuzwa na hakufiwa, basi kilichobaki ni aibu. Na aibu ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mke, sote tunajua ni ya aina gani.

Akaanza kumtazama Fundi kwa jicho la kazini, lile la kutafuta uzi uliokatika. Na jamani, mtu ukimtafuta kasoro utaikuta. Fundi alikuwa anaosha vyombo. Mwanamume ambaye maisha yake yote alidhani sahani zinajiosha! Alimletea matunda ambayo hakumwagiza. Alfajiri moja Kaa Kwanza aliamka akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anamtazama, na alipomwuliza kuna nini akasema anatafuta soksi. Simu ya Fundi ikilia alitoka nayo nje, mpaka kwenye ngazi. Siku moja Kaa Kwanza alimfuata peku hadi mlangoni, akaweka sikio. Upande wa pili wa simu, kama tulivyokuja kujua, alikuwa msimamizi. Kaa Kwanza alisikia tu sauti ya mumewe:

"Bado sijamwambia. Najua. Najua siku zinakwenda. Nipe mpaka Jumapili."

Mwenye akili zake timamu angewaza nini zaidi? Hata mimi ningewaza vivyo hivyo, na mimi nimeshazika mume mmoja na kumfukuza mwingine. Siku mbili baadaye, akitoka kazini, akawaona kwa macho yake: Fundi na Mama Vifungo, nyuma ya kibanda cha mlinzi. Mama Vifungo amemshika mikono yote miwili, analia, na Fundi ameinama anatikisa kichwa, hapana, hapana, kama mtu anayeombwa kitu. Kaa Kwanza aligeuka akapita geti la pili. Alitembea mpaka nyumbani bila kukumbuka hata simu yake kabatini.

Jioni hiyo alinigongea, akaketi kwenye marundo yangu ya vitambaa bila kuangalia anakalia nini.

"Jirani. Mume akiwa na mtu nje, utamjuaje?"

"Anakuwa mwema," nilimjibu. Ndio ukweli nilioujua.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokifuata, akaaga. Wiki hiyo yote nilimsikia chumbani kwao akifungua kabati na kulifunga, akitoa nguo za mumewe na kuzirudisha, na sarafu zikidondoka sakafuni kutoka mifukoni. Kazini hakumsemesha Mama Vifungo hata kwa salamu. Mama Vifungo, ambaye kule kibandani alikuwa akimsihi Fundi aseme, akasema moyoni, masikini, sasa habari imemwingia, akazidi kumhurumia, na kadiri alivyomhurumia ndivyo mwenzake alivyomchukia. Kaa Kwanza alinisimulia kwamba alikuwa akishika mkasi wa kukatia nyuzi na kumwangalia yule mwanamke shingoni. Aliogopa mawazo yake mwenyewe.

Jumapili mchana nilikuwa nimekaa na pazia la mteja mapajani. Fundi alirudi kutoka nje, nikasikia mlango, halafu kitu kizito kikiburutwa.

"Nimekufungia nguo zako," sauti ya Kaa Kwanza ilisema. "Vyombo vyako vya kazi utavifuata kesho."

"Mke wangu, kuna nini?"

"Usiniulize mimi kuna nini. Wewe ndiye uliyeomba mpaka Jumapili. Si ndiyo hii?"

Nilisikia bomba la jikoni kwao likidondosha maji.

"Ni Mama Vifungo?" Kaa Kwanza aliuliza.

"Nani?"

"Nimewaona nyuma ya kibanda, ameng'ang'ania mikono yako kama mtoto. Kesho nikifika kazini nitamsema mbele ya watu wote, nitamsema mpaka aikimbie mashine yake. Na nikimaliza kusema sijui mikono yangu itafanya nini."

"Usithubutu! Yule mama hana kosa. Mungu ni shahidi yangu, hana kosa lolote."

"Basi ni nani?"

Fundi aliniambia baadaye kwamba pale ndipo alipofungua mdomo ili aseme. Neno lilikuwa tayari, alilibeba mwezi mzima, akalisikia linafika kwenye meno. Halafu akamwangalia mkewe, hasira zote zile, afya yote ile, akashindwa. Akaona afadhali atemewe mate. Likatoka neno lingine.

"Yupo mwingine."

Nilitoa mguu kwenye cherehani, na cherehani yenyewe ilikuwa imezimwa.

"Yupo mwingine," mkewe alirudia.

"Ndiyo."

"Anaitwaje?"

"Humjui."

"Anafanya kazi gani?"

"Anafanya… kazi tu."

"Kazi tu ni kazi gani? Ni mrefu? Mfupi? Ana nini?"

"Ni wa kawaida."

"Yaani unaniacha kwa mtu wa kawaida!" Sauti ilimpanda, na nakiri nusura nicheke. "Wewe niambie. Nataka nimjue. Kama nimeshindwa na mtu, nijue nimeshindwa na nani. Yukoje huyo mwanamke?"

Fundi hajui kudanganya. Hajawahi kujifunza, friji ikiwa imekufa anakwambia imekufa. Alianza polepole, kila neno akilitafuta.

"Ni mtu… anakunywa chai ikishapoa. Ya moto haitaki."

"Endelea."

"Akilala, mguu mmoja lazima uwe nje ya shuka. Hata kukiwa na baridi. Ukimfunika anautoa."

Nilimsikia Kaa Kwanza anakunja nguo, ile sauti ya kitambaa kinachopigwa kiganja kilale.

"Akicheka anaziba mdomo, kwa ajili ya jino moja la pembeni. Nimemwambia lile jino halina ubaya wowote, hasikii." Fundi alikuwa kama ameshasahau anaongea na nani. "Akitoka kazini vidole vinamuuma, hasemi. Anaviweka chini ya kwapa, anadhani simwoni. Na akikasirika anakunja nguo. Anakunja hata ambazo zimekunjwa tayari."

Sauti ya kitambaa ikakoma. Kaa Kwanza aliniambia baadaye kwamba aliangalia mikono yake, na mikononi kulikuwa na shati ambalo alikwisha kulikunja mara nyingi mpaka limekuwa dogo kama leso.

"Hakuna mwanamke," alisema.

"Hakuna."

"Ni kitu gani hicho kilichokushinda kusema, mpaka ukaona heri nikuchukie?"

Macho ya Fundi yalimponyoka yakaenda kwenye kifua cha mkewe, upande wa kushoto, kisha yakakimbilia dirishani. Ilitosha. Kaa Kwanza alinyanyua mkono akauweka pale pale yalipokuwa yametua.

"Waliniita?"

"Walipiga ofisini."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Mwanzoni."

"Sema."

"Mke wangu, nisikilize kidogo…"

"Sema kama ilivyo."

"Ni saratani."

Mimi nilikuwa nimeinuka, nimesimama katikati ya chumba changu na pazia la mtu limeniangukia miguuni. Sikusikia kilio. Nilisikia tu anapumua, kwa nguvu, mtu anavyopumua akipanda ngazi na mzigo.

"Kazini nani anajua?"

"Wote."

"Kijana wa pasi anajua?"

"Nadhani wote, mke wangu."

"Daktari anasemaje?"

"Inatibika. Amesema inatibika kabisa." Fundi alikuwa analia sasa, hakujizuia. "Amesema ukiwahi."

"Nikiwahi."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima napekua mifuko ya suruali zako," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu aliyeogopa hasa. "Napekua mifuko, na wewe umekaa hapo kitandani unaniangalia."

Nikasikia anatafuta viatu vyake. Nikasikia kimoja kikivutwa kutoka chini ya kitanda, kisha cha pili.

"Leo Jumapili," Fundi alimwambia. "Kule kitengo cha saratani hospitalini wamefunga. Mpaka kesho asubuhi."

Kaa Kwanza akaendelea kufunga kamba za viatu.